Ngome ya Lamu, Kutoka Vita Hadi Vitabu

Wanangu, kabla sijawaingiza ndani ya Ngome ya Lamu, itabidi niwapeleke kwanza ufukweni Shela, kwa sababu ngome hiyo haieleweki bila habari ya maji kupwa.

Mtoto wa pwani hulijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Mara mbili kwa siku bahari hujaa, na mara mbili hupwa. Tangu kujaa hadi kupwa ni saa sita hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, na hapo tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 3. Pale mashua ilipoelea asubuhi, mchana utapita kwa miguu, na mashua yenyewe utaikuta imelala ubavu juu ya mchanga. Nahodha asiyejua saa za maji hapewi chombo.

Sasa fikirini Lamu ya miaka mia mbili na kitu iliyopita. Mji ulikuwa umebanwa pande mbili. Kisiwani Pate walitawala masultani wa ukoo wa Nabahani, ambao kwa muda mrefu waliiona Lamu kuwa chini yao. Mombasa walikuwako Wamazrui, wenye Fort Jesus mikononi, nao walitaka kupanua himaya yao. Wakubwa hao wawili wakaungana. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakakataa kutawaliwa.

Na vita vyao, wanangu, havikuanza kwa panga. Vilianza kwa mashairi. Mji huu ukitoa beti za kutisha, mji ule hujibu kwa beti za kubeza. Kwa upande wa Mombasa alisimama Muyaka bin Haji, yule yule ambaye mashairi yake mnayasoma shuleni. Kwa upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa mshairi na pia kiongozi wa mji. Walionyana, walitukanana kwa mafumbo, walijisifu, na hayo yote kwa vina na mizani. Mashairi hayo hayakupotea. Yamehifadhiwa, yamechapishwa, na wasomi bado wanayachambua. Vita vyenyewe huitwa Vita vya Kuduhu, na wengine huviita Vita vya Shela. Mimi hupenda kuwakumbusha vijana kwamba tunavijua vita hivi vizuri zaidi kwa sababu washairi walikuwako.

Kati ya mwaka 1812 na 1814 maneno yakaisha. Majahazi ya Mombasa na Pate yakaja, jeshi likashuka Shela. Waamu wakatoka kuwakabili. Mapigano yakawa makali, na waliokuja wakazidiwa, wakageuka mbio kuelekea vyombo vyao.

Hapo ndipo bahari ilipotoa hukumu. Maji yalikuwa yamepwa. Vyombo vilikuwa vimekaa mchangani, vizito, havisukumiki, na bahari iko kule mbali. Mtu anakimbilia jahazi lake na jahazi haliendi popote. Wengi walifia pale pale. Inasimuliwa kwamba kwa miaka mingi baadaye upepo ulipofagia mchanga wa Shela, mifupa ilionekana.

Sisimulii haya ili mshangilie. Waliouana pale walikuwa watu wa lugha moja na dini moja. Lakini mnapaswa kujua, kwa sababu ngome mtakayoiona ni mtoto wa siku ile. Waamu walishinda, kisha wakaingiwa na hofu: je, wakirudi maji yakiwa yamejaa? Wakatuma wajumbe Muscat kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Akakubali kuwalinda. Akaleta liwali, wakaja na askari. Ngome, ambayo inatajwa kuwa ilianza kujengwa mwaka 1813, ikakamilishwa 1821 kwa msaada wake.

Ulinzi huo haukuwa wa bure. Waliokataa kutawaliwa na Pate na Mombasa walijikuta sasa wana mtawala kutoka ng'ambo ya bahari. Sayyid Said naye alipata Lamu pa kuweka mguu. Mwaka 1837 akaichukua Mombasa kutoka kwa Wamazrui, na makao yake akayahamishia Unguja. Mambo makubwa ya pwani yetu yalianzia katika ujumbe uliotumwa na mji mdogo wenye hofu.

Haya, sasa tuje mjini. Kutoka Shela ni kama kilomita 3 kufuata ufuo. Unaingia kwa upande wa Langoni, unafuata njia kuu ya zamani, Usita wa Mui, njia nyembamba ambamo punda mwenye mzigo wa mawe akija lazima ujibanze ukutani apite. Huku kuna duka la vitambaa, huku fundi wa kushona, huku harufu ya mkate wa mofa. Kisha ghafla kuta zinaachana na unatokea mahali pa wazi, penye miti mikubwa ya kivuli. Ni uwanja wa Mkunguni. Soko liko kando. Mbele yako imesimama ngome: ghorofa mbili, kuta nene, minara ya mviringo pembeni, na juu kabisa meno ya ukuta ambayo askari walijificha nyuma yake.

Mtajiuliza: ngome gani hii isiyotazamana na bahari? Jibu ni kwamba bahari ndiyo iliyosogezwa. Zamani ngome ilikuwa karibu na maji. Ufuo ukajazwa, nyumba zikajengwa mbele yake, na leo kutoka ngomeni hadi baharini ni kama mita 70.

Kabla hujapanda ngazi, weka kiganja ukutani. Tafuta mahali ambapo lipu imebanduka. Utaona jiwe lenye vitundu na mistari, na ukiangalia kwa makini utaona alama za mviringo zilizopangwa vizuri, mstari baada ya mstari. Hilo ni tumbawe. Tumbawe si jiwe la kawaida. Limejengwa na viumbe vidogo sana vya baharini, laini, visivyo na mfupa, ambavyo hujitengenezea makazi magumu ya chokaa. Vinakufa, makazi yanabaki, vingine vinajenga juu yake. Baadaye bahari hushuka, na yale yaliyokuwa chini ya maji yanakuwa mwamba wa nchi kavu. Kwa hiyo ukuta huu umejengwa mara mbili: mara ya kwanza na viumbe hao, kwa maelfu ya miaka, na mara ya pili na mafundi wa Lamu, kwa miaka michache. Ukitaka kuona mawe ya aina hii yakitolewa ardhini, vuka mkono wa bahari uende Maweni, kisiwani Manda. Huko watu bado wanachimba na kuchonga kwa mikono.

Na kilichoyashikamanisha mawe hayo nacho ni tumbawe. Mafundi walipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, wakaweka vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto. Tanuu likawaka mpaka magogo yakaisha. Lililobaki ni jiwe jeupe, jepesi, lenye kiu ya maji. Ukilimwagia maji linachemka, linapasuka na kuwa unga. Unga huo ukichanganywa na mchanga na maji ndio chokaa ya kujengea. Watoto walikatazwa kukaribia, maana chokaa mbichi huunguza macho na ngozi. Mjue basi kwamba kila ukuta mweupe mnaousifia Lamu ulipitia motoni.

Ukiingia ndani, angalia juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Kaunti hii ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na tangu zamani wakataji wa Lamu wameigawa miti hiyo kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na kazi yake. Sasa pima chumba kwa hatua zako. Urefu utatembea sana. Upana utafika upesi. Nimewaona watoto wakifikiri vyumba vilifanywa vyembamba kwa ajili ya wafungwa. Sivyo. Boriti iliyonyooka, yenye nguvu ya kubeba ghorofa ya mawe, haizidi mita 3 hivi, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Nyumba zote za kale za Lamu ziko hivyo, hata za matajiri waliokuwa na vidaka vya kuwekea sahani za Kichina. Na kwa kuwa majahazi yalibeba boriti hizi kwenda Oman, Bahrain na Kuwait, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba. Mti uliokua kwenye tope la Lamu umeamua mtu alale chumba cha upana gani katika nchi ya jangwa!

Baada ya askari wa Sayyid, wakiwemo Wabulushi waliotumikia masultani kwa miaka mingi, zamani zikageuka. Waingereza wakaja. Ngome haikuhitajika tena kwa vita, na mwaka 1910 ikafanywa gereza.

Hapa nataka tusimame kidogo. Ngome ya Lamu si ya pekee katika jambo hili. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani baada ya kumfukuza Mreno, nayo ilifungiwa watu katika karne ya 19. Serikali iliyokuta ukuta mnene, mlango mmoja na ua katikati haikujisumbua kufikiri zaidi. Ukuta uliowekwa ili adui asiingie ukatumiwa ili raia asitoke.

Lamu jambo hilo lilidumu miaka 74. Wakoloni waliondoka, bendera ya Kenya ikapanda mwaka 1963, na gereza likabaki gereza. Fikirini: mtoto aliyezaliwa mtaani Mkomani mwaka 1910 angeweza kukua, kuoa, kuzaa, kupata wajukuu na kuzeeka huku jengo kubwa kuliko yote katikati ya mji wake akiliona kwa nje tu. Kila siku apite chini ya ukuta ule akienda sokoni. Na wale waliokuwa ndani nao walisikia kila kitu: adhana kutoka misikiti ya pande zote, kelele za wachuuzi wa samaki, punda wakilia, ngoma za Maulidi. Kati ya mfungwa na sokoni palikuwa na ukuta tu. Mimi huona hiyo ilikuwa adhabu juu ya adhabu.

Mwaka 1984 wafungwa wakahamishwa, na ngome ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Matengenezo yakafanywa kwa msaada wa Sweden. Kutengeneza jengo la kale, wanangu, kuna mtego wake, na mtego wenyewe unaitwa saruji.

Sikilizeni vizuri, maana jambo hili litawafaa hata nyumbani kwenu. Ukuta wa tumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi ya bahari, hupenya kwenye chokaa ukatoka nje na kukauka. Chokaa ni laini, kwa hiyo jengo likitikisika au likijongea kidogo, nayo hujongea. Saruji ni ngumu na inaziba. Ukiipaka juu ya ukuta wa tumbawe, kwa miezi michache utapendeza. Kisha unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya saruji, inasukuma, inaviringika kama uvimbe, na siku moja kipande kizima kinaanguka na jiwe lake. Ndiyo maana fundi anayeheshimu ngome hurudi kwenye chokaa, hata kama ni ya polepole na kazi yake ni nyingi. Fundi wa namna hiyo ni hazina, na ningependa nione vijana wengi zaidi wakijifunza kwake, kwa sababu saruji inapatikana kila duka na mikono inayojua chokaa ni michache.

Swali gumu zaidi halikuwa la mawe. Lilikuwa hili: tukishafungua mlango, nani ataingia, na kufanya nini? Kuna majengo mengi ya kale duniani yaliyotengenezwa yakang'aa, kisha wenyeji wakabaki nje na wageni wakaingia na kamera zao. Hapo ukuta umebadilisha rangi tu. Lamu ilichagua vizuri. Ndani ya ngome kukawekwa maonyesho ya mazingira, bahari na mikoko. Kukawekwa maktaba. Na ua wa katikati, ule ambamo wafungwa walihesabiwa, ukawa mahali pa watu wote: mikutano ya mji, maonyesho, mihadhara, harusi.

Ndiyo, harusi. Mwaweza kuwaza? Mahali paliposikika funguo za askari sasa pananukia udi na asumini, akina mama wamevaa vizuri, vigelegele vinagonga kuta zile zile. Na kijana anayetafuta pa kusomea mtihani, kwao kuna wadogo zake wanaopiga kelele, amepata meza ndani ya kuta nene ambazo joto la nje haliziingii upesi. Kwangu mimi, kati ya kazi zote ambazo ngome hii imefanya tangu 1821, hakuna iliyo bora kuliko ya maktaba.

Panda sasa juu kwenye ukuta. Kutoka huko utaona mapaa ya mji, mengine ya makuti, mengine ya mabati, na ng'ambo mkono wa bahari na kisiwa cha Manda. Mji unaoutazama umekaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, na mwaka 2001 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Inama uangalie Mkunguni. Wazee wamekaa kwenye kivuli. Wawili wamezunguka bao, kete zinagonga shimoni, na watazamaji wanashauri bila kuulizwa. Muuza kahawa anapita. Kama kuna habari yoyote mjini, iwe ya msiba, ya bei ya samaki au ya siasa, imeshafika hapo kabla ya redio.

Ukibahatika, nenda wakati wa Maulidi, katika mwezi wa Rabiul Awwal. Sherehe zake hushikiliwa na msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija akaifanya Lamu kwao. Watu huja kutoka pwani yote na hata kutoka nje. Au nenda wakati wa Tamasha la Utamaduni la Lamu. Utaona mbio za punda ufukweni, mashindano ya mashua, ya bao na ya hina. Na utaona kirumbizi, wachezaji wawili wenye bakora wakiviziana kwa mwendo wa zumari na ngoma, pigo linakuja, linakingwa, miguu haipotezi mdundo. Hapo ndipo hunijia furaha. Mji uliozaliwa upya kwa vita umeshika fimbo mkononi, na haumpigi mtu.

Mtakapokwenda, nawaomba mambo machache. Msikwaruze majina yenu ukutani. Tumbawe lililobanduliwa halikui tena. Vaeni kwa heshima, maana mko katikati ya mji wa watu wenye misikiti yao na ada zao. Salimuni wazee wa Mkunguni kabla ya kuuliza chochote. Shikamoo moja itawafungulia habari ambazo hazikuandikwa kwenye kibao chochote. Muulizeni fundi, kama mtamkuta kazini, awaonyeshe chokaa. Na kabla ya kuondoka, shukeni Shela muangalie maji yakipwa.

Kiingilio cha wanafunzi na wenyeji ni nafuu kuliko cha wageni. Na wewe unayeishi Lamu penyewe, unayepita chini ya ukuta ule kila asubuhi ukienda shule na hujawahi kuupanda, nenda Jumamosi hii, na umchukue mdogo wako.